Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu Japani, kuanzia samurai mpaka gari la "Japani used"

Nimechoka kujibu moja moja kwahiyo nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu sababu ndo yananifurahisha, mengine mstari mmoja tu, mtanisamehe.

Si kweli kwamba miaka ya 60 sisi na Japani tulikuwa sawa kiuchumi?

Hapana. Hili ndo swali namba moja na ndo linalonipandisha presha. Kila kijiwe cha kahawa hakikosi mtu wa kusema "Japani tulianza nao pamoja jamani, wao wakakimbia sisi tukalala". Hebu tuangalie. Reli yao ya kwanza ilifunguliwa 1872, kutoka Shimbashi pale Tokyo mpaka Yokohama. Mwanzoni mwa karne ya 20 watoto zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa wameandikishwa shule ya msingi. 1905 wamempiga Mrusi baharini. 1941 wanaingiza kazini meli ya vita ya Yamato, tani zaidi ya 60,000, na hakuna taifa lililokuwa na meli ya kivita nzito kuliko ile. Ni kweli 1945 miji yao ilikuwa majivu, lakini fundi akiunguliwa na nyumba bado ni fundi, na baadhi ya wahandisi waliotengeneza ile treni ya mwendokasi ya Shinkansen ni walewale waliokuwa wanatengeneza ndege za kivita. Kwahiyo ukitaka kujua walianza lini, itabidi urudi nyuma sana, ndo maana haya majibu mengine ni marefu.

Kama mfalme alikuwepo, huyo shoguni alitoka wapi?

Fikiria babu wa ukoo ambae kila mtu anampigia magoti, hakuna harusi wala tambiko bila yeye, ila funguo za ghala ziko kwa mjomba. Mfalme ndo babu, shoguni ndo mjomba. 1192 Minamoto no Yoritomo alipewa na mfalme cheo cha shoguni, yaani jemadari mkuu, akaweka makao yake Kamakura mbali kabisa na ikulu ya Kyoto, na kuanzia hapo kwa karibu miaka 700 mambo ya jeshi na kodi mengi yakawa mikononi mwa koo za kijeshi, yaani samurai. Mfalme hakuuawa wala hakufutwa, alibaki na heshima tu. Kuna kipindi heshima nayo hailipi bili, Mfalme Go-Kashiwabara alirithi kiti 1500 lakini sherehe ya kumtawaza ikafanyika 1521 kwasababu hela hazikuwepo. Miaka 21 mtu anasubiri mchango wa sherehe yake.

Shikilia hiyo habari ya mfalme kubaki, itarudi huko mbele.

Ni kweli kulikuwa na samurai mweusi kutoka Afrika Mashariki?

Mwafrika alikuwepo, hilo halina ubishi. Alifika 1579 akiwa kwenye msafara wa padri Mjesuiti Mwitaliano, Alessandro Valignano, na Mjesuiti mmoja aliyeandika baadae alisema jamaa alitokea Msumbiji. Wajapani walimwita Yasuke. Jina alilopewa na mama yake hatunalo, na hilo huwa linaniuma kuliko huo ubishi wote wa mitandaoni.

1581 alipofika Kyoto watu walijazana kumwangalia mpaka wakakanyagana. Oda Nobunaga, mbabe aliyekuwa anaiunganisha nchi kwa upanga wakati huo, akaagiza aletwe, hakuamini kama ile ni ngozi, akamvulisha nguo ya juu akaogeshwa aone kama rangi itatoka. Haikutoka. Akampenda, akamchukua kwenye kundi lake, akampa posho, na maandishi mengine yanataja nyumba na upanga. Samurai mmoja aliandika kwenye shajara yake kwamba jamaa ana rangi kama wino na urefu wa shaku 6 na sun 2, kwa vipimo vyetu kama sentimita 188, na kwa Japani ya enzi hizo hilo ni jitu. 1582 Nobunaga akasalitiwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide kwenye hekalu la Honnoji, Yasuke akaenda kupigana upande wa mtoto wa bosi wake, akakamatwa, akarudishwa kwa Wajesuiti. Baada ya hapo kimya.

Je alikuwa "samurai" rasmi? Enzi hizo mipaka ya nani samurai na nani sio ilikuwa bado haijakazwa kama ilivyokuja kuwa baadae, kwahiyo wanaopigana vikumbo kwa hilo neno wanapigania kitu ambacho hata Nobunaga mwenyewe nadhani angeona ni kupoteza muda.

Mipaka ilikazwa lini?

1588. Toyotomi Hideyoshi, ambae alichukua nchi baada ya Nobunaga, akatoa amri wakulima wote wasalimishe panga, mikuki na bunduki, eti vyuma vitatumika kutengenezea sanamu kubwa ya Budha. Kabla ya hapo mkulima angeweza kushika mkuki msimu wa vita na jembe msimu wa mvua. Kuanzia hapo mkulima ni mkulima na samurai ni samurai. Kinachochekesha ni kwamba Hideyoshi mwenyewe katokea familia ya chini kabisa, akapanda mpaka juu halafu akavuta ngazi.

Samurai walifanya nini miaka 250 bila vita?

Makaratasi.

Serious. Tokugawa Ieyasu alishinda vita ya Sekigahara 1600, akawa shoguni 1603, na baada ya kuiteka ngome ya wapinzani wake Osaka 1615 nchi ikatulia karibu kabisa mpaka miaka ya 1850 huko. Sasa una wanaume wenye panga mbili kiunoni wasio na vita. Wakahamishiwa mijini chini ya ngome za mabwana zao, wakawa makarani, wakaguzi wa ghala, walinzi wa geti, walimu. Mshahara wanalipwa kwa mchele. Kipimo chao ni koku, mchele kama lita 180, unaohesabiwa unamtosha mtu mmoja mwaka mzima. Ili uitwe daimyo, yaani bwana mwenye eneo lako, eneo liwe linakadiriwa koku 10,000 kwenda juu, na ukoo wa Maeda kule Kaga walikuwa na zaidi ya koku milioni moja.

Shida ya kulipwa mchele ni kwamba mjini unahitaji pesa. Kwahiyo samurai anauza mchele kwa mfanyabiashara, bei ikishuka anakopa, mwakani anakopa tena ili alipe lile la mwanzo. Wafanyabiashara wa Osaka, ambao kwenye ngazi ya heshima waliwekwa chini kabisa ya samurai, mkulima na fundi, ndo wakawa wanawadai wote. Soko la mchele la Dojima pale Osaka lilitambuliwa na serikali 1730, na watu walikuwa wananunua na kuuza mchele ambao bado haujavunwa, wa karatasi tu.

Halafu kuna ule mtego wa Tokugawa ambao mimi naukubali sana. Kuanzia 1635 kila daimyo lazima akae Edo (ndo Tokyo ya leo) mwaka mmoja, mwaka unaofuata kwake, na mke na mrithi wanabaki Edo muda wote, tuite wageni wa heshima ila ni mateka. Mabwana wenyewe walikuwa kama 260. Kila safari ni msafara na farasi, masanduku, wapishi, wakubwa kama Maeda walitembea na watu zaidi ya 2,000. Hela yote inaishia njiani, hubaki na hela ya kuasi. Lakini njiani kukaota nyumba za wageni, migahawa, wapagazi, barabara ya Tokaido kutoka Edo mpaka Kyoto ilikuwa na vituo 53, na Edo yenyewe karne ya 18 ikafikia watu kama milioni moja.

Na mji wa watu milioni unatoa choo cha watu milioni. Hicho nacho kilikuwa mali, wakulima wa pembeni walikuja mjini kukinunua kwa pesa au kwa mboga wakaweke shambani, na mwenye nyumba wa kupangisha alihesabu kinyesi cha wapangaji kama pato lake. Kwahiyo mji ulibaki msafi kuliko miji mingi ya Ulaya ya wakati ule, na sababu kubwa ni kwamba uchafu ulikuwa na bei.

Na mkulima?

Ndo aliyebeba yote hayo. Kodi inaweza kufika nusu ya mavuno, na njaa ya miaka ya 1780 iliua watu wengi sana hasa kaskazini. Kijiji kiligawanywa vikundi vya nyumba tano tano, mmoja akikosa kodi au akificha Mkristo mnawajibika wote. Waliokulia Tanzania wakisikia hivi wanakumbuka balozi wa nyumba kumi, ila huyu wa kwao alikuwa na meno zaidi.

Walijifungia kweli miaka 200?

Walifunga milango mingi wakaacha minne. Mdachi na Mchina kupitia Nagasaki, Mkorea kupitia kisiwa cha Tsushima, Ryukyu (Okinawa ya leo) kupitia Satsuma, eneo la kusini, na Waainu, wenyeji wa kaskazini, kupitia ukoo wa Matsumae. Sababu kubwa ilikuwa Ukristo pamoja na hofu ya mabwana wa kusini kutajirika na bunduki za Wareno. 1637 wakulima wa Shimabara, wengi Wakristo na wote wamechoka na kodi, wakaasi, wakamalizwa 1638, na mwaka uliofuata Wareno wakafukuzwa. Wadachi wakahamishiwa Dejima 1641, kisiwa cha kutengenezwa chenye umbo la feni, kidogo kweli, unakizunguka kabla chai haijapoa. Nagasaki kila mwaka watu wakawa wanakanyagishwa picha ya Yesu au Maria kuthibitisha kwamba sio Wakristo. Na bado 1865, padri Mfaransa akiwa kanisani kwake Nagasaki, wakaja wanakijiji wakamwambia kimyakimya kwamba imani yao na yake ni moja. Zaidi ya miaka 200 wamesali kwa kificho bila padri.

Lakini kupitia kale kamlango ka Mdachi vitabu vya udaktari na nyota viliingia. Meli za Marekani zilipokuja tayari kulikuwa na Wajapani wanasoma Kidachi.

Ilikuwaje Marekani ikawafungua?

Julai 1853 Commodore Perry wa jeshi la maji la Marekani aliingia mlango wa ghuba ya Edo na meli 4 nyeusi zinatoa moshi (sio zote, mbili ndo zilikuwa za mvuke), akakabidhi barua, akasema narudi kuchukua jibu. 1854 karudi na meli nyingi zaidi, mkataba ukasainiwa. 1858 ikafuata mikataba ya biashara ambayo Japani haikuruhusiwa kupanga ushuru wake yenyewe na mgeni akikosa anahukumiwa na konseli (balozi mdogo) wa kwao. Wenzetu wa Zanzibar wanaijua vizuri mikataba ya namna hii.

Kwahiyo Meiji, yale mageuzi ya 1868 yaliyomwondoa shoguni, ni mapinduzi ya wananchi?

Hapana, ni samurai wa ngazi za kati na za chini kutoka Satsuma na Choshu, maeneo yenye kinyongo na Tokugawa tangu Sekigahara, na ndo hapa yule babu wa ukoo anarudi. Hawakusema "tunachukua nchi", walisema "tunamrudishia mfalme nchi yake". Mfalme mwenyewe ana miaka 15. Januari 1868 wakatangaza, vita ikapigwa, Edo ikaitwa Tokyo.

Halafu wakafanya jambo ambalo mpaka leo nashangaa, samurai wakafuta usamurai. 1871 maeneo ya madaimyo yakafutwa yakawa mikoa, 1873 kila kijana, hata wa mkulima, anaweza kuitwa jeshini, 1876 kubeba upanga marufuku na ile posho ya mchele ikageuzwa hati za mkopo za serikali, ambazo thamani yake ikawa inaliwa na mfumuko wa bei. Saigo Takamori, mmoja wa waliopindua, aliishia kuongoza samurai waliokasirika wa Satsuma 1877 na akafia Shiroyama, wamepigwa na jeshi la vijana wa wakulima wenye bunduki.

Hela ya reli na viwanda ilitoka wapi?

Kwa mkulima tena, kodi ya ardhi asilimia 3 ya thamani ya shamba, kwa pesa taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Na kwa mabinti. Hariri ndo ilikuwa mzigo mkubwa wa kuuza nje, na waliokuwa wanaisokota ni wasichana wa vijijini, baba kashapokea hela ya mkataba mapema, binti anafanya kazi saa 12 na zaidi, wengi wakarudishwa nyumbani na TB. Wengine kutoka kisiwa cha Amakusa na Shimabara waliuzwa ng'ambo kwenye madanguro, Singapore na kwingine, na wapo waliofika mpaka Zanzibar. Mtu akikuhadithia muujiza wa Japani bila hao mabinti, mwambie arudie.

Hii bushido, yaani "njia ya samurai", si ya kale?

Kulikuwa na maandishi ya maadili ya samurai, lakini ile bushido inayouzwa kwenye semina za kuhamasisha imechota sana kwenye kitabu alichoandika Nitobe Inazo, Mkristo, kwa Kiingereza, akiwa Marekani, kikatoka karibu na mwaka 1900, samurai washafutwa. Hata majina ya ukoo, raia wa kawaida wengi walilazimishwa kuwa nayo rasmi 1875.

Kwenye vita sisi tuliguswa?

Sana tu. Kwanza ile ya 1904-05, meli za Urusi zilizotoka Ulaya kwenda kupigana na Japani zilikaa wiki kibao Nosy Be, Madagaska, mabaharia wanaugua na kunywa, ndo wakaenda kuzamishwa Tsushima Mei 1905.

Ya pili ndo kubwa, Vita Kuu ya Pili. Japani ilishaimeza Korea 1910, Manchuria 1931, ikaivamia China kwa vita kamili 1937 na mauaji ya Nanjing, wanawake wa Korea na kwingine wakalazimishwa kuwatumikia askari kingono. Haya ndo yanafanya mpaka leo wakikutana na majirani mazungumzo yanakuwa ya tahadhari. Sasa 1944 askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu) kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa (Malawi ya leo) walipelekwa Burma (Myanmar ya leo) kupigana na Wajapani, bonde la Kabaw, mvua, matope na malaria, mpaka wakavuka mto Chindwin. Wapo ambao hawakufika kabisa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama ndani ya dakika chache, watu kama 1,300 wakafa, wengi askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Na Hiroshima, 6 Agosti 1945, sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na Wakongo ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini.

Walinyanyukaje baada ya hapo?

Marekani ilikaa mpaka 1952. Katiba mpya ikaanza kazi 3 Mei 1947, kifungu cha 9 kinakataa vita, wanawake wakapata kura, na ardhi ikachukuliwa kwa mabwanyenye ikauzwa bei ya chee kwa waliokuwa wanailima. Hilo la ardhi naliona kubwa kuliko watu wanavyolisema. Halafu vita ya Korea 1950 ikaleta oda za jeshi la Marekani kwa viwanda, bahati yao, msiba wa jirani. Oktoba 1964 Shinkansen ikaanza Tokyo mpaka Osaka na siku chache baadae Olimpiki, palepale Wilson Kiprugut akachukua shaba mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya.

Kwanini magari yao used yanatufaa hivi?

Wanaendesha kushoto kama sisi. Na wana ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3 halafu kila miaka 2, ni gharama, kwahiyo mtu anaona bora auze anunue jipya. Ukifika Dar unaambiwa "mzee alikuwa anaendea sokoni tu".

Ni kweli wanaisha?

Wanapungua. 2008 walikuwa kama milioni 128, sasa wako chini ya milioni 125, na karibu 3 kati ya kila 10 wana miaka zaidi ya 65. Vijijini unakuta shule nzuri imefungwa, imejaa majani.

Wanatujua sisi kweli?

Kiswahili kinafundishwa Chuo Kikuu cha Osaka, na redio yao ya NHK ina idhaa ya Kiswahili miaka mingi. Ila mimi nikiulizwa hili huwa nakimbilia kabatini. Katikati ya karne iliyopita kanga nyingi zilizovaliwa pwani zilichapishwa viwandani Japani, methali zinatoka huku, zinapangwa kule herufi kwa herufi, zinarudi na meli. Marehemu bibi aliacha moja ya hizo, pindo limeshachanika, na kila nikimwonyesha mtu yale maandishi ya kiwandani huwa haamini, anaigeuza upande wa pili.